Kasri la São Paulo, Kisiwa cha Msumbiji: usiishie ghorofani

Ukivuka daraja na kushika njia ya kaskazini, jumba hili halikupiti: kuta nyekundu na uwanja mpana unaotazama bahari. Wajesuiti, watawa wa Kikatoliki, walianza kulijenga mwaka 1610 kama chuo chao. Ureno ilipowafukuza mwaka 1759, likawa makazi ya gavana, na kisiwa kikabaki mji mkuu wa koloni hadi 1898, utawala ulipohamia Lourenço Marques, yaani Maputo ya leo. Sasa ni makumbusho.

Ghorofa ya juu ndiyo inayosifiwa, na inastahili. Kuna kumbi za wageni, chumba cha kulia na vyumba vya kulala, vyote na samani zake. Vilivyotoka Goa, koloni la Ureno nchini India, na China vinakaribia kuvifunika vya Ureno yenyewe, na sababu ipo: mpaka 1752 Msumbiji ilitawaliwa kutoka Goa, na merikebu za Bahari ya Hindi ndizo zilizoleta fanicha. Kanisa dogo la jumba usilikose, hasa mimbari yake ya mbao iliyochongwa Goa karne ya 17. Chini kuna makumbusho ya bahari, yenye vyombo vya kaure vilivyoopolewa kutoka merikebu zilizozama.

Simama kwenye machela ya kubebea wakubwa. Tazama mti wake, kisha fikiria mabega yaliyoulalia. Hapo ndipo penye upungufu wa ziara hii: vyumba vinamsimulia gavana kuliko waliomtumikia, ilhali utajiri wa kisiwa katika karne ya 18 na 19 ulitokana sana na watumwa waliosafirishwa kwenda Brazili na mashamba ya Wafaransa huko Réunion na Mauritius. Muulize mwongozaji habari za watumwa hao waziwazi, usingoje azianzishe.

Chunguza na kuta. Ni mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, kama majumba ya zamani ya Lamu na Unguja. Ukuta wa namna hii hunyonya unyevu na kuutoa. Ukipigwa plasta ya saruji, maji hufungiwa ndani, chumvi hujikusanya nyuma ya plasta, kisha plasta huvimba na kubanduka pamoja na uso wa jiwe. Ukiona viraka vya kijivu kwenye majengo ya mji wa mawe, upande huu wa kaskazini wa kisiwa, tambua ugonjwa wake ni huo. Dawa ni chokaa tena, tabaka nyembamba, kila moja ikauke taratibu. Paa nazo ni bapa kwa makusudi: hukinga mvua na kuipeleka kwenye birika, kwa kuwa kisiwa hakina mito.

Ukitoka hapo, nenda kusini hadi mji wa Makuti. Mitaa yake imekaa chini ya usawa wa barabara kwa sababu mawe ya kujengea majumba ya kaskazini yalichimbwa hapohapo, ndiyo maana mvua kubwa hutuama kwenye nyua za watu. UNESCO iliorodhesha kisiwa chote mwaka 1991, Makuti ikiwemo, na bila mtaa huo ziara ya kasri ni nusu.

Kutoka mji wa Nampula, bara, ni kilomita 180 hivi, unachepuka kwenye mji wa Monapo. Daraja lina urefu wa kilomita zaidi ya 3, njia moja tu, magari hupishana kwenye vituo maalumu. Ondoka alfajiri na ubebe meticais, fedha ya Msumbiji, taslimu.