Mvua zikiyumba Igunga: kubaki na mtama au kwenda Omani kwa mkataba

Igunga, kama Tabora yote, ina msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili. Mahindi yakikaukiwa wakati wa kutoa mbelewele, hakuna vuli wala masika ya kufidia, na hapo ndipo vijana huanza kuulizia pasipoti.

Mtama aina ya Macia hukomaa kwa takribani siku 110. Ekari moja inahitaji kilo 4 za mbegu, sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo. Baada ya wiki mbili au tatu punguzia ibaki miche miwili kila shimo. Lima matuta, kisha yafunge kwa vizuizi vifupi kila mita mbili ili maji yazame yasikimbie. Adui mkubwa ni kwelea kwelea. Ukipanda peke yako kijiji kizima, ndege wote ni wako, tangu punje zikiwa na maziwa hadi unavuna. Pandeni majirani pamoja, wiki moja.

Omani hulipa fedha taslimu, jambo ambalo mtama haufanyi kirahisi. Lakini kibali cha ukaazi hufungwa kwa mwajiri mmoja, kwa hiyo kugombana naye kunaweza kukupotezea kazi na kibali kwa pamoja. Pita kwa wakala aliyesajiliwa, mkataba uhakikiwe TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, nakala ibaki nyumbani. Kosa baya zaidi ni kuuza ng'ombe wa plau kugharimia safari: waliobaki watalima na nini Novemba? Afadhali aende mmoja baada ya mavuno, ghala likiwa na chakula.