Kigali kwa mkutano wa kikazi: ukumbi una alama za juu, hoteli yake ifikirieni mara mbili

Kwa timu ya watu watano au sita kutoka ofisi ya Dar es Salaam au Nairobi, Kigali ni mji mwepesi sana wa kuhudhuria mkutano, na sababu kubwa ni umbali. Kutoka uwanja wa ndege wa Kanombe hadi Kigali Convention Centre, pale Kimihurura, ni kilomita kama tano. Hakuna habari ya kuamka alfajiri ili kuwahi foleni.

Ukumbi ulifunguliwa 2016, mwaka huo huo ukapokea wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, na 2022 ikawa zamu ya Jumuiya ya Madola. Ukumbi mkubwa unachukua watu 2,600, na vyumba vya mijadala midogo viko humo humo, hivyo kuhama kikao hakuhitaji gari. Kinachokera ni langoni: kila mtu hukaguliwa, kila begi hupita kwenye mashine, na siku ya ufunguzi mstari hurefuka. Chukueni beji jioni ya kuamkia mkutano, si asubuhi yake. Jina la kujisajili liwe lile lile la kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Aliyejisajili kwa jina la mazoea ndiye hubaki mezani anaelezana na vijana wa mapokezi wakati wenzake wameshakaa.

Hoteli ya Radisson Blu, yenye vyumba 292, imeungana na ukumbi. Ni raha tupu, lakini itamaliza posho ya kawaida ya ofisi kabla hamjala. Tafuteni malazi Gishushu, Remera au Kimihurura yenyewe. Mkikagua ramani, kumbukeni hii ni nchi ya vilima: mita mia nane za kwenye simu zinaweza kuwa za kupanda mlima tu, na suti itafika imelowa. Ulizeni pia kifungua kinywa kinaanza saa ngapi. Nyumba ya wageni inayoanza kuandaa chai saa moja na nusu haimfai mtu wa kikao cha saa mbili.

Sasa saa yenyewe, maana hapa ndipo timu nyingi hujikwaa. Kigali iko nyuma ya Dar na Nairobi kwa saa moja. Simu hujirekebisha, saa ya mkononi haijirekebishi, na ratiba iliyoandikwa kwa mkono na katibu wa ofisi ndiyo hatari zaidi. Kikao cha mtandaoni na makao makuu kilichopangwa saa tatu asubuhi ya Dar ni saa mbili ya Kigali, yaani dakika ile ile mgeni rasmi anaposimama. Kwenye kila ratiba andikeni "saa za Kigali", hata kama inaonekana ni kujisumbua.

Umeme nao una lake. Soketi za huko ni za pini mbili za duara, chaja zetu ni za pini tatu bapa. Msinunue adapta sita. Bebeni adapta moja imara na ekstensheni moja ya nyumbani yenye matundu sita. Kompyuta zote zitachaji meza moja.

Mnaokwenda na banda la maonyesho, sikilizeni vizuri: mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008, na 2019 sheria ikabana zaidi plastiki za kutumika mara moja. Bango la kusimama likifika limeviringishwa nailoni, nailoni hiyo inavuliwa uwanjani. Fungeni vipeperushi kwa karatasi, zawadi ziwe kwenye mifuko ya kitambaa, na mbebe barua ya waandaaji pamoja na orodha ya vitu, idadi na thamani.

Hati: raia wa Afrika Mashariki hawahitaji viza. Mkenya na Mganda huingia hata kwa kitambulisho cha taifa, Mtanzania abebe pasipoti. Anayetumia kitambulisho hana muhuri wa kumwonyesha mhasibu, kwa hiyo atunze kipande cha kadi ya kupandia ndege.

Na mhasibu huyo huyo ndiye wa kumfikiria mnapolipa. Maduka na mahoteli hutoa risiti ya mashine, inayoitwa EBM, ndugu yake EFD, mashine ya risiti ya kwetu Tanzania. Iombeni kabla hamjalipa, na jina la taasisi liandikwe hapo hapo. Pikipiki, ambazo wenyeji huziita moto, hazitoi risiti, na kwa safari fupi ndizo za haraka kuliko zote: abiria mmoja, kofia ngumu ni lazima, bei mnapatana kabla ya kupanda. Wekeni daftari dogo la tarehe, kutoka, kwenda na faranga, lisainiwe kila jioni. Masurufu yasiyorejeshwa vizuri hukatwa kwenye mshahara, na hapo hakuna atakayekumbuka mkutano ulikuwa mzuri.

Magari yanapita kulia. Kwenye mzunguko ulio mbele ya ukumbi, mtu wa Dar hutazama upande usio na gari kisha anakanyaga barabara.

Kula: ng'ambo ya barabara kuna Kigali Heights yenye migahawa ya bei ya mjini. Jioni nendeni Nyamirambo, hasa Biryogo, mtaa wa Waislamu, ambako Kiswahili kinazungumzwa bila kubabaika na chakula cha halali si cha kuuliza. Kwingineko, neno "akabenz" kwenye orodha ya vyakula ni nyama ya nguruwe. Mwambieni mapema mwenzenu asiyekula. Brosheti, yaani mishikaki, huchomwa baada ya kuagizwa, basi agizeni mnapovuta viti tu, kabla ya soda.

Tarehe za kukwepa: Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi ni umuganda, kazi za pamoja, na mji husimama hadi karibu saa tano. Wiki inayoanza Aprili 7 ni ya maombolezo ya mauaji ya kimbari. Mkipata nusu siku, nendeni kwenye makumbusho ya mauaji hayo, pale Gisozi, walipozikwa watu zaidi ya 250,000, lakini msiipange saa chache kabla ya tafrija ya kufunga mkutano. Hamtakuwa na hamu ya muziki.

Kurudi, tokeni hotelini ikiwa imebaki muda wa saa tatu nzima kabla ya ndege hata kama uwanja uko karibu. Kabla ya jengo la abiria kuna kizuizi: mnashuka kwenye gari, mizigo inakaguliwa, mnapanda tena. Watu sita wenye mabango hawapiti hapo kwa dakika tano.