Vania ya Sh2,200 na ubishi wa saizi za shata: inafaa au haifai?

Uamuzi kwanza, kwa mwenye haraka: nunua vania (kipimio cha milimita chenye taya) ya chuma, ya plastiki iache palepale dukani. Na kama shata zako, yaani vile vifaa vya lenzi vinavyofungua na kufunga mwanga, zote ni za kisasa za kampuni ya Copal ya Japani, usinunue yoyote. Rula ya mwanafunzi itakutosha.

Hapa Nakuru kodi ya studio yangu inalipwa na picha za pasipoti na harusi. Kamera kubwa ya filamu za inchi 4 kwa 5 ni ulevi wa Jumapili, na ulevi una gharama zake. Lenzi za kamera hiyo ni vipande viwili vya kioo, cha mbele na cha nyuma, na shata imebanwa katikati. Zangu huwa nazipata za mitumba kutoka Ujerumani na Japani, na mara nyingi hazina ule ubao wa kuziketisha kwenye kamera. Ubao hukatwa hapa nyumbani, na tundu lake lazima liingiane na sehemu ya nyuma ya shata. Likipwaya, mwanga unapenya. Likibana, tupa ubao au rudi kwenye tupa ulipanue.

Wauzaji nao wanapenda kuandika "shata namba 1" halafu wananyamaza. Namba 1 ya nani? Ya Copal tunaijua: tundu la milimita 41.6. Namba 0 ni 34.6, na namba 3 ni 65 hivi. Shata za kisasa za Compur, kiwanda cha Ujerumani, za 0, 1 na 3 zinaingia matundu hayohayo, kwa hiyo hapo hakuna neno. Ukirudi nyuma kwenye Compur kuukuu, Ilex za Rochester au shata za Wollensak, kila kiwanda kilikuwa na hesabu yake, na namba iliyochongwa mbele haikuambii lolote kuhusu tundu. Compur ilikuwa hata na namba 2. Copal haikuwahi kuwa nayo, ndiyo maana mtu akizoea Copal peke yake anaweza kushika namba 2 mkononi na kuiita 3.

Ndipo nikaingia duka moja la hadiwea pale Mburu Gichua Road kutafuta vania kalipa, ile tuliyosomeshwa kwenye fizikia Kidato cha Pili tukidhani hatutaiona tena. Walikuwa na mbili za dijitali. Ya plastiki nyeusi ilikuwa Sh900, ya chuma Sh2,200. Kijana wa duka aliniruhusu nizijaribu zote kwenye shata niliyokuwa nayo mkobani. Ya plastiki ilibadilisha jibu kila nilipoikaza kidole, kwa sababu taya zake zinapinda. Ya chuma ilitoa jibu moja na ikashikilia hapo. Ilikuwa namba 0, ubishi umekwisha. Plastiki ina sifa moja tu: haikwaruzi. Ukitumia ya chuma, fungua kwanza kipande cha kioo cha nyuma ukiweke kando, halafu ndipo usogeze zile taya.

Hebu nieleze ile rula niliyotaja. Kati ya 34.6 na 41.6 kuna milimita 7, na kutoka hapo hadi 65 ni safari. Kwa kutambua tu, jicho na rula vinaweza. Tena Copal unaweza kuitambua kwenye picha ya tangazo bila kuigusa: soma kasi ya juu kabisa kwenye duara lake. Ikiishia 500 (yaani 1/500 ya sekunde) ni namba 0, ikiishia 400 ni namba 1, ikiishia 125 ni namba 3. Usiipeleke hila hii kwa Compur.

Kwa hiyo kazi halisi ya vania ni mbili. Ya kwanza ni hizo kuukuu nilizotaja. Ya pili ndiyo iliyonifanya niseme fedha yangu haikupotea. Rafiki yangu wa Kisumu, tunaitana kaka na dada ingawa damu hatujachangia, ana lenzi ya milimita 150 ambayo shata yake imekufa. Akaniuliza kama vioo vyake vitaingia kwenye Copal 0 nzima aliyoitoa kwenye lenzi nyingine. Copal 0 inataka thredi ya 29.5 mbele na nyuma, na Copal 1 inataka 40 mbele na 36 nyuma. Vania ikasoma 29.4 kwenye vipande vyote viwili. Vikaingia. Nikamkumbusha jambo moja: kibati chenye namba za f (zinazoonyesha tundu la mwanga limefunguka kiasi gani) kinafuata vioo, hakifuati shata. Asipokibadilisha, atakuwa anasoma namba za lenzi nyingine na filamu zitamfundisha adabu.

Fundi wa lethi (mashine ya kuchonga chuma) ninayemtumia upande wa Bondeni hata hataki kusikia majina. "Madam, usiniambie ni namba ngapi, niambie ni milimita ngapi." Yeye ana vania ya zamani isiyo na betri na anaidharau yangu waziwazi. Tulizilinganisha juu ya meza yake, zikatofautiana kwa nywele tu. Ubao wangu ni wa mtindo wa Linhof, kampuni ya kamera ya Ujerumani, milimita 96 kwa 99, anaukata kutoka alumini ya milimita 2, na taya za vania ndizo ninazopimia unene. Mwambie pia kuhusu skrubu ndogo iliyo nyuma ya Copal, ile inayozuia shata isizunguke. Ama atoboe kitundu chake, ama uifungue uitoe.

Lawama. Inanyonya betri hata ukiwa umeizima, kwa hiyo mimi huitoa betri nikimaliza. Ni ile ya duara, LR44, hata wauza saa wanayo. Vumbi la mji huu, nalo, huingia kwenye reli, na likiingia inaanza kukwama na kurukaruka. Kitambaa kikavu kinatosha, usipake mafuta ya kula kama nilivyoona mtu akifanya. Kifuko chake ni cha ovyo.

Kabla hujalipa, funga taya kabisa, bonyeza sifuri, fungua, funga tena. Isiporudi sifuri, omba nyingine. Yangu ilikuwa ya pili kutolewa kwenye kabati.