Uzoefu wangu na kituo cha Kiingereza cha watoto hapa Bel-Air, Lubumbashi

Nianze na jibu, maana najua wazazi wengi wanatafuta hilo tu. Lipa, kama mtoto wako tayari anasoma vizuri Kifaransa au Kiswahili. Kama bado anaunga herufi kwa kidole, subiri kwanza. Nilipeleka wawili, mkubwa, binti, akiwa ya tano primeri (shule ya msingi) na mdogo ya pili. Mwalimu alikuwa mmoja na bei ilikuwa moja, lakini kila mmoja ametoka na lake. Jina la kituo siliandiki: nina malalamiko, na mwenye kituo ni jirani.

Kwa nini Kiingereza, wakati mtihani wa taifa wa mwisho wa primeri, ule tuliozoea kuuita TENAFEP, haukiulizi kabisa? Baba yao aliniuliza hivyo hivyo. Kwenye programu ya serikali Kiingereza kinakuja mtoto akifika mwaka wa saba, na shule za binafsi zinazokianza mapema zinakuwekea gharama yake ndani ya minevali, yaani karo. Lakini sisi tuko Lubumbashi. Kasumbalesa, mpakani na Zambia, haifiki hata kilomita mia, na ng'ambo ya pale karatasi zote ni za Kiingereza. Tangu 2022 nchi yetu iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mimi nauza vitambaa, na kila nikipokea fakture (ankara) kutoka Zambia namtafuta mtoto wa watu anisomee. Nimechoka.

Masomo ni mchana baada ya shule, mara tatu kwa wiki, dola 20 kwa mwezi kwa kila mtoto. Unaweza kulipa kwa franka, ila kiwango cha kubadilisha wanakipanga wao, na siku zote kinawafaa wao. Walimu ni wawili: kijana aliyesoma Kiingereza hapa UNILU, chuo kikuu chetu, na dada mmoja wa Kitwe, Zambia, aliyeolewa huku. Huyo dada ndiye aliyenifanya nibaki. Watoto wakikwama anawatupia neno la Kibemba, nusu ya kalasi inacheka, somo linaendelea.

Sasa nieleze kinachofanyika, maana kwenye bango la nje hakionekani. Bango linasema mtoto ataongea Kiingereza kwa miezi mitatu. Hataongea. Atakachopata ni sanduku.

Kila mtoto anatengeneza sanduku la kadi kwa karatasi ngumu, lenye vyumba vitano. Upande mmoja wa kadi kuna picha au sentensi ya Kiswahili, upande wa pili sentensi ya Kiingereza. Neno tupu hawaruhusu. Hauandiki "plate", unaandika "I am washing the plates". Kadi mpya inakaa chumba cha kwanza na inaulizwa kila siku. Mtoto akijibu sawa, inahamia chumba cha pili, ambacho kinafunguliwa mara chache zaidi, halafu cha tatu, hivyo hivyo mpaka cha mwisho ambacho unakigusa mara moja tu baada ya muda mrefu. Akikosea, kadi inarudi mwanzo, hata kama ilikuwa imefika chumba cha nne. Hapo ndipo kilio kinaanzia. Nilidhani ni ubunifu wa kituo, kumbe njia hii ilienezwa na mwandishi wa habari wa Ujerumani, Sebastian Leitner, miaka ya 1970. Kinachoisaidia ni kwamba mtoto anarudia kile anachokaribia kukisahau, wala hapotezi jioni nzima akikariri vile anavyovijua tayari.

Pamoja na sanduku kuna tabia nyingine, wanaiita "funika, sema, fungua". Mtoto anasoma kifungu kifupi, anafunika daftari, anasema alichoelewa kwa maneno yake, ndipo anafungua kuona alichoruka. Inachosha. Binti yangu aliichukia mwezi mzima. Halafu jioni moja nikamsikia anaifanya na somo la jiografia la shule, kwa Kifaransa, bila kuambiwa na mtu. Siku hizi kadi za hesabu ni nyingi kuliko za Kiingereza, na mwalimu wake wa shule aliniita kuniuliza nani anamfanyisha etidi (marudio ya masomo) nyumbani. Kwangu mimi dola 20 zimelipwa hapo, kabla hata sijagusa habari ya Kiingereza chenyewe.

Kiingereza chenyewe? Kinaenda. Herufi zilimsumbua, maana alikuwa anasoma kila kitu Kifaransa, "table" ikitoka ileile ya shuleni. Dada wa Kitwe hakuhangaika na sheria nyingi. Aliwaambia walete kutoka nyumbani mifuko ya unga, chupa za mafuta na makopo ya maziwa ya unga. Mji huu umejaa bidhaa za Zambia na Afrika Kusini, kwa hiyo kila jiko lina maktaba ya Kiingereza bila kujua. Wakasoma "keep in a cool dry place", wakasoma tarehe za kuisha muda, wakaulizana bei. Sasa nikisonga bukari (ugali) binti yangu ananisomea mfuko, na juzi alinirudisha dukani na kopo ambalo muda wake ulikuwa umeisha. Mwenye duka hakufurahi.

Kwenye tableti wanatumia hadithi za African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini. Hii nawashauri hata wasio na pesa ya kituo, maana ni ya bure: unapakua hadithi mahali penye mtandao, zinabaki kwenye simu, mtoto anasoma hata bila mega. Zimepangwa kwa ngazi, kuanzia picha yenye neno moja mpaka aya ndefu, na hadithi nyingi ziko kwa Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Binti anaisoma kwanza kwa Kiswahili, akishajua nani kafanya nini anaingia kwenye ya Kiingereza bila hofu. Kiswahili cha hadithi hizo si kile chetu cha hapa, ni cha huko mashariki, lakini baada ya kurasa mbili mtoto anazoea.

Upande wa mdogo sasa. Huyu alikuwa bado hasomi lugha yoyote. Nyumbani anaongea Kiswahili, shuleni wanamfundisha kusoma kwa Kifaransa asichokisikia popote pengine, na kituo kikamwongezea cha tatu. Alirudi anaimba vizuri sana rangi na siku za wiki. Ukimwonyesha "Monday" imeandikwa, hajui ni kitu gani. Sanduku lake lilikuwa zuri, kadi alichora vizuri, lakini kadi ni ya kusoma. Halafu akaanza kuandika herufi za Kifaransa akizitaja kwa Kiingereza, na mwalimu wa ya pili akamwekea nyekundu kwenye diktee (imla) nzima.

Nilimfuata dada wa Kitwe, nikamuuliza. Alinijibu waziwazi: "Mama, huyu mlete akijua kusoma. Hata kwetu Zambia, mtaala wa 2013 uliagiza watoto wa darasa la kwanza mpaka la nne wafundishwe kwa lugha wanayoifahamu." Yaani nchi ambayo lugha yake rasmi ni Kiingereza iliona mtoto ajifunze kwanza kusoma kile anachokielewa. Nikauliza kwa nini basi walimpokea. Akatazama mlango wa ofisi, akanyamaza. Nilimtoa. Jioni namsomea zile hadithi kwa Kiswahili, yeye anashika simu na kugeuza kurasa, na sasa mistari mifupi anaisoma peke yake.

Malalamiko mengine. Mvua za Januari zikishuka, mwalimu mmoja hafiki, na makundi mawili yanaunganishwa kwenye chumba kimoja. Siku hiyo hakuna anayeulizwa kadi, ni nyimbo tu. Umeme ukikatika siku mbili, tableti zinakufa, maana hawana njia nyingine ya kuzichaji. Na kubwa kuliko yote: mwisho wa mwaka wanafanya sherehe ya wazazi. Wiki kadhaa zilikwenda kwa kukariri shairi la Kiingereza ambalo binti yangu alilisema jukwaani kwa madoido, na nilipomuuliza linahusu nini akasema hawakuambiwa. Toga ya kukodi ililipiwa pembeni, breve (cheti) ililipiwa pembeni, picha ililipiwa pembeni. Mtoto wa ya tano na toga! Wazazi wenzangu walipiga picha kwa furaha, kwa hiyo najua mwakani itarudi.

Ukienda kuandikisha, usiishie kwenye bango wala kwa mama wa ofisini. Omba uketi nyuma saa nzima siku ya kawaida, hawakatai. Hesabu mara ngapi kila mtoto anafungua mdomo peke yake, si kwa kuimba pamoja. Omba uone sanduku la mtoto aliyekaa pale muda mrefu: kama kadi zote ziko chumba cha kwanza, nyumbani hakuna anayemuuliza, na hilo kituo hakiwezi kukusaidia. Mimi sijui Kiingereza na ninamuuliza binti yangu vizuri tu, maana jibu liko nyuma ya kadi. Dakika kumi baada ya kula zinatosha.

Mwezi wa tisa anaingia ya sita, mwaka wa mtihani. Nimeomba aende siku mbili badala ya tatu, ile ya tatu iwe ya Kifaransa na hesabu. Wamekubali. Bei wamesema ni ileile.