Kapsuli ya moyo, tatu kwa moja: miezi minane nyumbani kwetu

Baba aliwekewa stenti, kijibomba cha kuuweka wazi mshipa wa moyo, Chennai, India, mwaka jana baada ya shambulio la moyo, akarudi Dar na kapsuli ya kumeza mara moja kwa siku. Ndani zimo dawa tatu: aspirini miligramu 75, klopidogreli 75 na atovastatini 20. Aliitumia miezi minane, na aliyekuwa akimhesabia ni mimi.

Nianze na sifa, inastahili. Mzee ana miaka 68 na tayari anameza vidonge viwili vya presha. Mtu kama huyo ukimwongezea vitatu, kimoja lazima kisahaulike. Kwa kapsuli moja, mama aliibana pakiti kwa mpira kwenye chupa ya chai. Huwezi kumimina chai ya jioni bila kuishika. Ukiacha kisa cha jino nitakachoeleza, alikosa siku mbili tu, tulipokuwa msibani Korogwe.

Na dawa hizi si za kuruka. Mtaani tunaziita za kulainisha damu, lakini damu haiwi nyepesi. Aspirini na klopidogreli, kila moja kwa njia yake, huzuia chembe sahani, zile chembe za damu zinazoanzisha kuganda, zisishikamane zikaziba stenti. Atovastatini inalipunguzia ini kazi ya kutengeneza lehemu, ile kolesteroli inayojijenga kwenye kuta za mishipa.

Sasa jino. Alipokwenda kung'oa, kliniki moja ilimwambia aache "dawa ya damu" kwa wiki nzima, bila kumuuliza daktari wake wa moyo. Kwa kuwa zote zimo kwenye kapsuli moja, akaacha zote tatu. Niligundua siku ya tatu nilipohesabu pakiti; mikono ilinitetemeka. Daktari wa moyo alisema kwa simu ameze jioni ileile. Jino lilikuja kung'olewa akiwa anaendelea na dawa, aking'ata pamba muda mrefu kidogo, damu ikakata.

Kilichotutenganisha na kapsuli ni vipimo. Miezi minane ilipotimia LDL, yaani lehemu mbaya, ilisoma milimoli 2.4 kwa lita, na kwa mtu aliyekwisha kupata shambulio daktari anaitaka chini ya 1.4. Akaagiza atovastatini ipande hadi 80. Tukiwa kwenye bajaji baba akaniuliza, "Si nimeze nne tu, mama?" Hesabu yake ni sahihi: 20 mara nne ni 80. Lakini hizo nne zingemwingizia pia aspirini 300 na klopidogreli 300 kila siku, na huyu ni mtu ambaye fizi zinatoa damu akipiga mswaki na mkono ukigonga mlango unabaki na alama ya bluu wiki nzima. Huwezi kuongeza moja bila kuongeza zote. Nawaomba wenye wazee nyumbani mlikariri hilo.

Dogo lingine: alipolalamika kiungulia, mfamasia wa mtaani kwetu hakukimbilia omeprazoli, maana inadhoofisha klopidogreli. Alimpigia daktari, wakakubaliana pantoprazoli. Dada yule Mungu ambariki.

Naipa nyota tatu kati ya tano. Kama LDL ya mzee wako imeshafika panapotakiwa kwa kipimo kilichomo, kapsuli itakupunguzia kazi kweli. Kwa aliyetoka kuwekewa stenti, ningemwomba daktari aanze na vidonge tofauti, kwa sababu dozi bado zinatafutwa, na klopidogreli yenyewe mara nyingi husimamishwa baada ya mwaka hivi wakati atovastatini inaendelea.

Siku hizi ninajaza kiboksi cha vyumba saba kila Ijumaa jioni. LDL imeshuka hadi 1.9, na daktari ameongeza ezetimibi, dawa nyingine ya kushusha lehemu. Zile kapsuli zilizobaki, pakiti mbili, nilizikuta mama amezihifadhi kabatini "zisipotee bure". Nimezirudisha kwa mfamasia siku hiyohiyo, baba asije akameza huku na huku.