Goa: Usiende kwa Ajili ya Ufuo Tu! Uchambuzi wa Vijiji, Ngome na Bahari ya Wareno wa India

Karibuni, karibuni sana wapenzi watazamaji. Kwa mgeni wa chaneli hii, hapa tunachambua safari: pesa yako inakupa nini, na wapi wanakupiga. Leo ni Goa, pwani ya magharibi ya India, iliyokuwa koloni la Wareno, na ufuo sianzi nao. Kila video ya Goa inaanza na droni juu ya ufuo wa Baga. Baga mtaiona, tulieni. Kwanza tazameni hiki.

Mnauona huu mnara? Haya ni magofu ya kanisa la Mtakatifu Augustino, Goa ya Kale, kanisa lililokamilika mwaka 1602. Mnara ulikuwa na urefu wa mita 46. Ngoja nisogeze kamera. Hilo jiwe jekundu lenye vitundu vitundu, ukilipapasa linakwaruza kiganja, ndilo walilojengea Goa nzima. Mwaka 1835 watawa walifukuzwa na serikali yao wenyewe ya Ureno, jengo likabaki tupu. Mwaka 1842 kuba likaporomoka. Mwaka 1931 uso wa kanisa ukaanguka pamoja na nusu ya mnara, kwa hiyo mnachokiona ni nusu iliyokataa kuanguka. Sasa tazameni chini. Sakafu yote hii ni makaburi! Mawe yana nembo za ukoo na maandishi ya Kireno, na watu wanapita juu yake. Na kule ukutani vigae vya rangi vimebaki vipande vipande.

Mbona nawashikilia hapa? Kwa sababu mtoto wa Mombasa alilelewa Goa na watawa wa shirika hili la Mtakatifu Augustino. Yusuf bin Hassan. Baba yake, Sultani Hassan, aligombana na Wareno akauawa mwaka 1614, na Yusuf akaletwa Goa angali mdogo. Wakambatiza, wakamwita Dom Jerónimo, wakamsomesha, kisha wakamrudisha Mombasa kuwa mfalme wakitarajia atawatumikia. Mwaka 1631 aliingia Fort Jesus na watu wake, akamuua kapteni wa Kireno, akaichukua ngome na kurudi kwenye Uislamu. Wareno wakaleta meli kuikomboa, wakashindwa! Sisi wa Mombasa tunaijua hadithi hii kwa upande wa Fort Jesus tu. Kusimama chini ya mnara huu ndiko kulikonionyesha upande wa pili: utajiri waliomlea ndani yake, na bado hakuwa wa kwao. Nilizunguka nikitafuta kibao kinachomtaja, sikukiona. Inaniuma, nasema wazi. Kengele ya mnara, kama mnataka kuisikia, iko Panjim, mji mkuu wa Goa, kwenye lile kanisa jeupe lenye ngazi za kupandana.

Haya, ngome. Aguada ilikamilika mwaka 1612 kwenye mdomo wa mto Mandovi, kuwazuia Waholanzi, na chini yake kuna tangi la maji la mamilioni ya lita kwa ajili ya meli zilizotoka safari ndefu. Tangi limenivutia. Mnara wa taa wa mwaka 1864, picha moja yatosha. Ngome ya Reis Magos, ng'ambo ya Panjim, ni ndogo, imekarabatiwa vizuri na haina msongamano. Ngome ya Chapora ipandieni machweo, lakini ndani ni kuta na nyasi.

Mtaniuliza, je, zinaishinda Fort Jesus? Hapana. Fort Jesus iliyoanza kujengwa mwaka 1593 ilichorwa na Cairati, msanifu mkuu wa Wareno huku Mashariki, na ukiingia unaona jinsi kila pembe inavyoilinda pembe nyingine. Aguada ni kubwa, lakini ukubwa peke yake haunishiki. Nilifika nikiamini ngome ndizo zitakazobeba video hii. Sasa nawaambia vijiji ndivyo vinavyobeba.

Angalieni dirisha hili. Hiki si kioo. Ni maganda ya chaza, membamba, yamekatwa miraba na kupachikwa safu safu kwenye fito za mbao. Natia mkono nyuma yake… mnaona kivuli tu, vidole havihesabiki. Jua la saa saba linapiga nje, ndani mwanga ni wa maziwa, macho hayaumi. Kioo kilipokuwa ghali, watu wa hapa waliokota baharini na kumaliza neno. Nimekaa na dirisha hili kuliko nilivyokaa ufuoni, na narudia: chaza! Yatafuteni pale Fontainhas, mtaa wa nyumba za njano na buluu ndani ya Panjim, au nendeni kijiji cha Chandor kwenye nyumba ya Menezes Bragança, ambayo matawi mawili ya familia yamegawana, kila moja upande wake. Mlangoni kuna baraza za kukalia pande zote mbili, na wazee wamekaa jioni wakizungumza kama Lamu. Msishangae mmoja akiwajibu kwa Kiswahili, Wagoa wengi walifanya kazi Nairobi, Mombasa, Unguja na Kampala. Wazazi wa Pio Gama Pinto, mpigania uhuru wa Kenya, walitoka huku. Na mkiona kuku wa kijani kwenye menyu, cafreal, agizeni bila kusita; asili yake Msumbiji.

Sasa Baga. Mchanga mzuri, lakini kila hatua mtu anakuuzia kupanda kitu, na muziki wa baa tatu unagongana kichwani. Nendeni kusini, Agonda au Palolem, mpumue. Juni hadi Septemba ni masika yao, bahari inakasirika na vibanda vya ufuoni vinavunjwa. Novemba hadi Februari ndiyo miezi.

Bei. Teksi ndipo wanapokupiga. Safari fupi tu ya usiku, dereva alinitajia pesa ambayo ingenipa skuta kwa siku kadhaa, na hakupunguza hata senti. Kodisheni skuta, lakini namba yake iwe nyeusi yenye maandishi ya njano, ndiyo ya kukodisha kihalali. Nyeupe ni ya mtu binafsi, na polisi wanaisimamisha. Kwenda kisiwa cha Divar kuna feri kutoka Goa ya Kale, na anayepanda kwa miguu halipi, sawa na Likoni yetu. Kutoka Nairobi mtapitia Mumbai. Kama una muda, teremka kwa treni hadi Madgaon, huku Goa. Viza inaombwa mtandaoni, na msisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano, wanaiangalia kweli, na chanjo ichomwe siku kumi kabla.

Jumapili saa tatu usiku nitakuwa mubashara kujibu maswali ya viza, kwa hiyo andikeni hapo chini mnatokea mji gani. Maikrofoni mpya mnaisikiaje? Upepo wa Chapora umeiletea shida kidogo, nitaifunika. Video ijayo ni Diu, ngome nyingine ya Wareno, kule pwani ya Gujarat, na waliowahi kufika huko waniambie sasa hivi hoteli ipi haina kelele, maana nafunga mizigo Alhamisi.