Miaka minne na kifaa cha kusomea vitabu vya kidijitali

Mimi ni mfasiri ninayeishi Morogoro, na kwa miaka minne sasa karibu riwaya zangu zote nimezisoma kwenye kifaa chenye kioo cha wino wa kielektroniki. Uzito wake hauzidi gramu 200, nami hukibeba kila niendapo Dar es Salaam. Kioo chake hakififii juani kama cha simu, kwa kuwa herufi zake huundwa na chembe nyeusi na nyeupe zinazobaki mahali pake bila kutumia umeme mpaka nifungue ukurasa mwingine. Ndiyo maana chaji moja hunitosha wiki mbili au zaidi, hata katika siku za mgao wa umeme.

Wepesi wa kununua sina sababu ya kuukana. Kitabu cha nadharia ya tafsiri ambacho zamani ningekiagiza Uingereza, nikangoja zaidi ya mwezi na kulipa nauli inayokaribia bei yake, siku hizi hukipata kabla chai haijapoa. Kadi ya mtandaoni ya huduma ya pesa za simu ilikataliwa mara mbili mwanzoni, kisha ikakubaliwa. Kinachoendelea kunikera ni vitabu vinavyotangazwa mbele yangu, kisha nikibonyeza naambiwa kwamba haviuzwi katika nchi yangu.

Kiswahili nacho kimesahauliwa. Nikigusa neno la Kiingereza, maana yake hujitokeza papo hapo, lakini nikigusa neno la Kiswahili sipati kitu. Maneno marefu mwishoni mwa mstari hukatwa pasipofaa, hata "mwanafunzi" likaachwa na "mwanaf" juu na "unzi" chini. Nimewahi kutafuta "ng'ambo" katika riwaya niliyojua kuwa neno hilo limo, nikaambiwa halimo, kwa sababu tu alama ya ritifaa niliyoiandika ilikuwa imenyooka na ile ya mchapishaji ilikuwa imepinda. Kwa mtu ambaye kazi yake ni maneno, hilo si jambo dogo.

Hata hivyo, maumivu makubwa yalitokana na akaunti. Niliifungua kwa anwani ya barua pepe ya kazini, na nilipoacha kazi ile anwani ikafungwa, nami nikashindwa kuthibitisha nywila mpya. Wahudumu wa duka walinijibu kwa adabu, lakini walishikilia kwamba vitabu havihamishwi kutoka akaunti moja hadi nyingine. Nilipoteza vitabu 31 nilivyovilipia, pamoja na mistari yote niliyokuwa nimeipigia alama kwa ajili ya kazi. Hapo ndipo nilipoyasoma masharti kwa makini, nikaelewa kwamba nilichonunua ni leseni ya kusoma, na kwamba kuazima au kurithisha, mambo tuliyozoea kwa kitabu cha karatasi, hayakuwamo katika mapatano. Kisa changu ni kidogo kikilinganishwa na cha mwaka 2009, Amazon ilipofuta nakala za vitabu viwili kwenye vifaa vya wateja wake, au cha 2019, Microsoft ilipofunga duka lake la vitabu: wasomaji walirudishiwa fedha, lakini vitabu vikaacha kufunguka.

Siku hizi, kabla ya kulipa, huangalia kwanza kama mchapishaji anauza faili la EPUB, yaani muundo wa kitabu cha kidijitali unaofunguka kwenye vifaa na programu nyingi, lisilo na kufuli la kidijitali linalozuia kunakili. Nikilipata, hulihifadhi kwenye kompyuta na kulipanga kwa Calibre, programu ya bure ambayo pia hunisaidia kurekebisha majina ya waandishi yaliyoingizwa ovyo. Kamusi na vitabu vya Kiswahili naendelea kununua vya karatasi.

Kifaa chenyewe sijakiacha, na ninampendekezea yeyote anayesoma sana akiwa safarini, mradi akaunti aifungue kwa anwani ambayo hakuna mwajiri anayeweza kuifunga. Kati ya vile vitabu 31, nimenunua upya 6 ambavyo kazi yangu haiwezi kwenda bila hivyo.